CV yenye mapengo: jinsi ya kutafuta kazi Arusha na Moshi baada ya chuo

Kila mwaka masika yanapoelekea kuisha, kampuni nyingi za utalii hapa Arusha huanza kuongeza watu kwa ajili ya msimu wa Juni. Mimi niko katika ofisi ya mojawapo, na kwa miaka sita sasa kazi ya kupitia maombi imekuwa mikononi mwangu. Kuna bahasha zinazoachwa getini, kuna zinazokuja kwa baruapepe, na kuna zinazoingia WhatsApp saa tano usiku. Nasoma zote. Wewe uliyemaliza chuo miaka miwili, mitatu au minne iliyopita, ukafanya kazi miezi mitatu hapa na mwezi mmoja pale, kisha ukakaa nyumbani, nataka ujue kwamba mapengo yako hayanitishi. Ninachoweka pembeni ni maombi ya mtu aliyeificha miaka yake, au aliyeandika kazi ambazo hakuna hata mmoja wa kunithibitishia.

Upande wako wa meza naujua vizuri. Nilimaliza shahada Moshi mwaka 2014 na kazi ya kudumu nikaipata 2018. Katikati hapo nilikaa duka la mama mkubwa Kiboroloni, nikafundisha tuisheni, nikajitolea kwenye SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, nikamuuguza baba. Mwaka 2016 niliitwa usaili, na nilipoulizwa muda niliokaa SACCOS nikasema miezi kumi na minne. Ilikuwa minne. Msaili akachukua simu, akampigia meneja pale pale, akaiweka kwenye spika. Yule meneja alinisifu mpaka nikataka kulia. Akamalizia: "Bahati mbaya alikaa kwetu miezi minne tu, tulitamani abaki." Kama ningesema minne, sifa zile zilitosha kunipa kazi. Nilirudi Moshi siku ile bila neno, na yote ninayokuandikia hapa yanaanzia kwenye simu ile.

1. Daftari kwanza, CV baadaye

Nunua daftari la kawaida la shule. Andika mwezi uliofanya mtihani wa mwisho chuoni, kisha shuka mwezi kwa mwezi hadi huu tulio nao, kila mwezi na mstari wake. Mbele ya kila mwezi jibu mambo manne: nilikuwa wapi, nilifanya nini, nililipwa au sikulipwa, na nani aliniona nikifanya.

Utasahau mengi, kwa hiyo usitegemee kichwa peke yake. Picha za simu zina tarehe. Ujumbe wa miamala ya M-Pesa au Airtel Money unaonyesha siku uliyolipwa kibarua. Kama uliwahi kukatwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, omba taarifa ya michango yako, utaona jina la mwajiri na miezi aliyokuchangia. Wapo wanaogundua hapo kwamba kazi waliyodhani ni ya mwezi mmoja ilikuwa ya mitano. (Wapo pia wanaogundua kwamba walikatwa kwenye mshahara lakini fedha haikufika. Hilo lipeleke ofisi ya NSSF na hati zako za mshahara mkononi, usiliache lipite.)

Halafu acha kujidharau. Vijana wananiambia "sijawahi kufanya kazi," ninapouliza zaidi naambiwa Agosti 2022 alikuwa karani wa Sensa. Hiyo ni kazi, mdogo wangu. Ulipewa mafunzo, ukakabidhiwa kishikwambi cha serikali, ukagonga nyumba moja moja, ukawauliza watu wazima maswali wasiyopenda kuulizwa, ukamaliza eneo lako. Uandikishaji wa wapiga kura nao ni kazi. Ukatibu wa kikundi cha VICOBA ni kazi, kwa sababu fedha za watu zilipita kwenye vitabu vyako na hazikupotea. Kubeba mizigo mlimani miezi miwili na kuendesha kibanda cha uwakala wa fedha ni kazi. Hata kumsimamia fundi nyumba ya mjomba ni kazi, kama uliweka risiti na kulipa vibarua kwa wakati.

Miezi isiyo na kitu iandike kama ilivyo: nilikuwa natafuta kazi, nilikuwa nalea mtoto, niliumwa. Daftari hili hatalisoma mtu mwingine. Kazi yake ni kukufanya wewe uache kuiogopa miaka yako mwenyewe.

2. Tafuta shahidi wa kila kipande

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Kama una wiki tatu za maandalizi, mbili ziende hapa.

Kazi ya miezi miwili yenye mtu anayepokea simu na kusema "ndiyo, namkumbuka" ina uzito kuliko kazi ya mwaka mzima isiyo na mtu. Mimi nikimpigia mdhamini, yaani huyo shahidi wako, huwa namuuliza mambo matatu: alikuwa kwako lini, alikuwa anafanya nini hasa, na akija kesho utamchukua tena? Jibu la swali la tatu nalisikiliza hata kabla halijasemwa. Kuna anayejibu "hata leo" kwa haraka, na kuna anayevuta pumzi kwanza.

Basi rudi kwenye daftari, chukua kila kazi, tafuta mtu mmoja. Si lazima awe mkurugenzi. Aliyekuwa msimamizi wako stoo, mwalimu wa taaluma, mama mwenye duka, kiongozi wa wapagazi, mwenyekiti wa kikundi, wote wanafaa, na mara nyingi wanakujua kuliko mkurugenzi aliyekuona mara mbili. Kama mliachana vibaya na bosi, kuna mwenzako aliyekuwa juu yako kidogo ambaye mliishi vizuri. Mtafute huyo.

Ukiweza, nenda mwenyewe. Huku kwetu mtu aliyekaa miaka miwili kimya halafu anaibuka kwa ujumbe wa kuomba barua huonekana amekuja kwa shida zake tu. Nenda saa ambazo hana wateja, msalimie, muulize habari za nyumbani, na usiwe na haraka. Kama yuko mbali, piga simu, na sema hivi au karibu na hivi:

"Shikamoo mama. Ni yule binti aliyekuwa anakusaidia mahesabu dukani mwaka juzi, kabla hamjahamia Mbuyuni. Natafuta kazi sasa hivi, na ninaandika kwamba nilikuwa kwako kuanzia Machi hadi Agosti. Naomba niweke namba yako, wakikupigia uwaeleze ulivyoniona. Na kama hutajali, nitakuandalia barua fupi usome, ukiona ni kweli utie saini."

Umemkumbusha tarehe, umemwomba ruhusa, na umempunguzia kazi ya kuandika. Watu wengi hukataa kutoa barua kwa sababu tu hawajui waandike nini. Nusu ukurasa inatosha: jina lako, tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi ulizofanya, sentensi moja ya tabia yako, saini, namba ya simu, na muhuri kama upo. Asiyekuwa na muhuri aandike hivyo hivyo. Barua ya mkono wa mama mwenye duka, yenye namba inayopatikana, mimi naiheshimu.

Kama uliajiriwa rasmi, hata kwa muda mfupi, kuna karatasi ambayo ni haki yako. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi huondoka bila hicho cheti kwa sababu hawakujua wakiombe. Rudi ukakiombe kwa heshima na kwa maandishi, ubaki na nakala ya barua yako.

Kabla hujatuma maombi yoyote, watumie wadhamini wako ujumbe wa mistari miwili: unaomba kazi gani, wapi. Nimewahi kumpigia mdhamini aliyekuwa kwenye basi, akauliza "nani huyo?" mara tatu. Kijana hakuwa na kosa ila hilo la kutomwambia.

3. Andika CV inayoonyesha miezi

Steshenari karibu zote za mjini wana mfano mmoja wa CV wanaoutumia kwa kila mteja. Kwa wiki moja naweza kuona tano zenye sentensi ile ile ya kufungulia, kuhusu kijana mwenye ari anayetaka kukua pamoja na taasisi. Nenda steshenari kuchapa na kuskani, lakini maneno yawe yako. Na ukimaliza, futa vyeti vyako kwenye kompyuta yao na utoke kwenye baruapepe yako.

Kijana mmoja wa Pasua aliniletea CV iliyosema hivi:

"2020–2023: Shughuli mbalimbali za biashara."

Miaka mitatu, maneno machache, na hakuna kitu. Tukakaa na daftari lake saa nzima. Ikawa hivi:

"Kazi za muda na za msimu, Moshi, Novemba 2020 – Agosti 2023
Karani wa stoo, duka la pembejeo, Novemba 2020 – Aprili 2021. Kupokea mzigo, kuhesabu stoo kila Jumamosi, kuandika daftari la madeni.
Mpagazi, mlima Kilimanjaro, Julai – Septemba 2021 na Januari – Februari 2022. Safari tisa.
Karani wa Sensa ya Watu na Makazi, Agosti 2022.
Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 25, Januari – Agosti 2023. Kutunza vitabu na kuandaa mgao wa mwisho wa mzunguko.
Aprili – Desemba 2021, kati ya safari za mlimani: kumuuguza mzazi."

Mtu ni yule yule, miaka ni ile ile. Lakini sasa naona mtu anayejua stoo, anayevumilia baridi, anayeaminiwa na fedha, na aliyekaa na mzazi wake. Angalia alivyozikusanya kazi ndogo chini ya kichwa kimoja. Ukizitawanya moja moja, msomaji anaona mtu asiyetulia. Ukizikusanya, anaona mtu ambaye hakukaa bure. Miezi iliyobaki wazi hakuisema yote, wala huhitaji kueleza kila mwezi mmoja mmoja kwenye karatasi. Pengo la miezi sita au zaidi ndilo lipewe mstari wake.

Andika mwezi na mwaka, siyo mwaka peke yake. Anayeandika "2021–2022" mimi najiuliza kama ni miezi ishirini na minne au ni Desemba na Januari, na siku yenye maombi mengi sina muda wa kuuliza.

Kurasa mbili zinatosha. Dini, kabila na majina ya wazazi havina kazi humo. Kwa kampuni za utalii na mashirika ya kimataifa andika Kiingereza safi cha kawaida, na mtu mwingine akisome kabla hujatuma. Hifadhi kwa PDF na faili ulipe jina lako. Picha ya CV iliyopigwa kwa simu ikiwa imelala kitandani, na ua la shuka linaonekana pembeni, nimeipokea zaidi ya mara moja.

Hakikisha pia majina yako yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cha chuo na NIDA. Kama kuna tofauti, hata ya herufi moja, onana na wakili mapema akueleze kama kiapo kinatosha au inahitajika hati ya kubadili jina. Hilo ni jambo la kushughulikia sasa, siyo wiki uliyoitwa usaili.

4. Fuata kalenda ya huku Kaskazini

Kazi za huku zina majira kama mahindi. Anayeomba kazi ya utalii mwezi Julai anakuta nafasi zimejaa, na anayeomba Aprili anaambiwa "bado," naye anakata tamaa wakati alikuwa karibu.

Utalii: msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Aprili na Mei mvua ni nyingi na wageni wachache, na ndiyo miezi ofisi zinapojipanga. Peleka maombi kuanzia katikati ya Aprili, na kwa msimu wa pili peleka Oktoba. Mwezi Juni huwa kuna maonesho ya utalii ya Karibu-KiliFair. Nenda hata kama huna kazi, vaa vizuri, beba CV kumi, ongea na watu wa mabanda mchana wakati msongamano umepungua.

Shule binafsi zinapanga walimu na watumishi kuanzia Oktoba hadi Januari, kwa kuwa mwaka wa masomo unaanza Januari. Kama ulisoma kitu kinachofundishika, hata kama hukusomea ualimu, kuna nafasi za uhasibu, maktaba, bweni na ofisi ya taaluma.

Mashamba ya maua na mboga ya Usa River, Tengeru na Nduruma yanauza sana Ulaya, kwa hiyo kazi huongezeka kuelekea sikukuu ya wapendanao ya Februari 14. Hawahitaji wavunaji peke yao. Wanahitaji wa kuandika takwimu, wa ubora, wa usafirishaji. Moshi kuna msimu wa kahawa unaoanza katikati ya mwaka, kuna kiwanda cha sukari cha TPC Arusha Chini, kuna hospitali kubwa za KCMC na Mawenzi, kuna Kilimanjaro Marathon ambayo huhitaji mikono mingi ya muda kila mwaka. Na Arusha inajiandaa kwa AFCON ya 2027 ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ni wenyeji. Hoteli, usafiri na ulinzi vitahitaji watu, na mtu atakayekuwa ameshafanya kazi ya msimu mmoja kabla ya hapo atatangulia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika zote ziko hapa Arusha. Nafasi zao hutangazwa kwenye tovuti zao wenyewe. Ushindani ni wa nchi nyingi, lakini usijiondoe, nafasi za mafunzo ya kazi kwa wahitimu zipo pia.

5. Serikalini: jaza mapema, usisubiri tangazo

Ajira nyingi za utumishi wa umma hupita kwenye mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti leo, kwa namba ya NIDA, na ujaze kila sehemu taratibu. Anayeanza kujaza siku ya mwisho ya tangazo hukutana na mtandao unaosuasua na cheti ambacho hakijaskaniwa.

Masharti yanayowaangusha watu ni yale yale: barua ya maombi isiyo na saini, hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, umri uliozidi 45 kwa asiye kazini serikalini, wadhamini chini ya watatu. Hakikisha mkoa unaoishi sasa umeandikwa sahihi, maana usaili wa mchujo hufanyika mikoani pia na unaweza kujikuta umepangiwa mbali. Siku ya usaili beba vyeti halisi na kitambulisho.

Kwa mwenye historia ya vipande vipande, serikalini kuna unafuu mmoja: usaili wa mchujo ni wa maandishi. Karatasi haiulizi ulikuwa wapi 2021. Soma kada yako, soma sheria na miongozo inayoihusu, fanya maswali. Ukifaulu usaili wa mwisho na nafasi zikawa chache, jina lako laweza kubaki kwenye kanzidata na ukaitwa baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo.

Angalia pia TaESA, kitengo cha huduma za ajira kilicho chini ya serikali. Wana programu ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Inakupa jina la taasisi, tarehe kamili na msimamizi, yaani vitu vitatu ambavyo CV yako inavihitaji zaidi.

6. Kupeleka mwenyewe, na habari ya kujuana

Watu husema Arusha hupati kazi bila mtu. Kuna ukweli, nami sitakudanganya. Lakini kuna namna mbili za kumtumia mtu. Moja ni kumwomba akupe kazi, na hapo umemweka pabaya kwa sababu wengi hawana kazi ya kutoa. Ya pili ni kumwomba habari: "Pale kwenu wanaoingia ofisini wanaanzia wapi? Barua apelekewe nani? Mwezi gani wanachukua watu?" Hakuna anayekataa kujibu hayo, na mara nyingi yeye mwenyewe atasema "lete CV niipeleke."

Ukienda ofisini mwenyewe, nenda Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Askari wa getini msalimie kama mtu, kwa sababu ni mtu, na yeye ndiye anayejua kama mhusika yupo. Mwambie jina la ofisi unayoitaka. Ukiambiwa acha hapa, acha, omba jina la anayepokea, na uandike kwenye daftari lako tarehe na jina. Baada ya wiki moja piga simu ukimtaja kwa jina.

Kwa WhatsApp andika mchana, kwa ujumbe mmoja uliokamilika. Usianze na "Mambo" ukasubiri ujibiwe. Mfano: "Habari za kazi. Naitwa fulani, nina shahada ya uhasibu, nipo Sakina. Nilikuwa karani wa stoo Moshi na katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Naomba nafasi ya ofisi kwa msimu wa Juni, hata kwa mkataba wa muda. CV nimeambatisha. Asante." Nikiona hivyo nafungua.

Na usikatae mkataba wa muda kwa sababu shahada yako ni kubwa. Wenzangu wanne kati ya tunaokaa ofisi moja waliingia kwa mkataba wa msimu.

7. Swali lenyewe

Litakuja: "Naona hapa 2021 hadi 2022 hakuna kitu. Ulikuwa wapi?"

Jibu kwa sentensi tatu. Ya kwanza ukweli, ya pili kitu ulichofanya ndani ya muda huo, ya tatu inarudi kwenye kazi iliyoko mezani. "Nilikuwa namuuguza baba, alifariki Desemba ile. Katikati nilipanda mlima kama mpagazi ili tupate fedha za dawa. Sasa hivi niko huru na naweza kuanza Jumatatu." Kisha nyamaza. Watu huharibu kwa kuendelea kuongea. Kimya cha msaili siyo hasira, anaandika.

Kama uliachishwa kazi, sema. "Tulitofautiana kuhusu hesabu ya stoo, nikaondoka baada ya miezi mitatu. Tangu hapo kila mzigo nauhesabu na mtu wa pili na tunasaini wote." Usimtukane mwajiri wa zamani, hata kama alikudhulumu mshahara. Arusha na Moshi ni mji mmoja wenye barabara ya kilomita themanini katikati, na huenda mnayemwongelea ni shemeji yake msaili.

Kama uliumwa, au ulijifungua na kulea, huwajibiki kutaja ugonjwa wala kueleza mipango yako ya uzazi. Kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi kama ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na VVU, na kinamlinda hata mwombaji kazi. "Nilikuwa na jukumu la kifamilia, limeisha" inatosha. Dada zangu mnaolea, semeni hilo mkiwa mmeinua uso.

Fanya mazoezi ya jibu lako kwa sauti, mbele ya mtu, mara tano. Mara ya kwanza utatetemeka. Mara ya tano litakuwa habari ya kawaida.

8. Fedha usitoe

Anayekuomba fedha ya fomu, ya sare, ya vipimo au ya "kumwona bosi" kabla ya kukuajiri ni tapeli, hata awe na muhuri na nembo. Anayetaka mkutane hotelini jioni badala ya ofisini, usiende. Anayetaka vyeti halisi abaki navyo, mkatalie, mpe nakala. Na nafasi ya serikali ihakiki kwenye Ajira Portal yenyewe, siyo kwenye picha iliyosambazwa kwenye makundi.

9. Wakati unasubiri

Mwezi huu wa leo nao utakuwa mstari kwenye CV ya mwakani. Usiuache mtupu. Chagua kitu kimoja chenye ratiba na chenye mtu wa kukuona: kutunza hesabu za duka la Mangi wa mtaani mara mbili kwa wiki, kujitolea ofisi ya kata, kufundisha kompyuta watoto wa kanisani au madrasa. Patana mwanzo kabisa ni miezi mingapi, mitatu kwa mfano, ili usije ukatumikishwa mwaka mzima kwa ahadi. Mimi SACCOS nilijitolea bila hata nauli, nikitembea kutoka Kiboroloni. Omba nauli, mdogo wangu. Si dhambi kuiomba.

10. Ukishapata

Siku ya kwanza omba mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira yako, usome kipindi cha majaribio ni miezi mingapi. Fahamu kwamba katika miezi sita ya kwanza kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali bado haijakufikia, kwa hiyo hiyo ndiyo miezi ya kuwahi na kuuliza usichojua. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, mwambie mwajiri mwenyewe, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa, na uipange bajeti yako ukijua hilo kabla hujakodi chumba Njiro. Baada ya miezi miwili angalia kama michango ya NSSF imeanza kuonekana.

Wapigie wadhamini wako watatu uwaambie umepata. Yule mama mwenye duka mpelekee hata kilo ya sukari. Daftari usilitupe: fungua ukurasa mpya, andika tarehe uliyoanza na jina la msimamizi wako. Na siku utakayoondoka hapo, iwe baada ya msimu mmoja au miaka kumi, cheti cha utumishi kiwe mkononi mwako kabla hujarudisha funguo.